Kicheko katika Diski ya Saba

Nchelenge, tarehe 12 mwezi wa tisa 1998

Kwa kaka yangu mukubwa, Yaya Roger, Katuba, Lubumbashi

Inatangazwa kwa wakubwa wote wa serikali, wa dini na wa soko, ya kuwa suruali ya kijivu ya Bwana Willy, ile aliyooa nayo, imeaga dunia siku ya Mungu iliyopita, ndani ya kanisa, mbele ya kwaya nzima ya wamama. Marehemu alipasuka wakati mwenyewe aliinama kuokota kitabu cha nyimbo. Kidonda kilikuwa kirefu, na kilikuwa nyuma. Mazishi yamefanyika jikoni: Febby, muke wa Bwana Willy, amekata vitambaa viwili vya kushikia sufuria. Hakutakuwa na matanga.

Bon. Nikisha kutangaza, niwasalimu sasa kama mutu mwenye akili. Yaya, macho yanaendeleaje? Na Priscille? Bado anawagombeza juu ya chumvi?

Kofre yenu, lile sanduku la diski, iko salama. Najua mutauliza hiyo kwanza, na suruali baadaye. Diski zote kumi na mbili zimelala chumbani kwetu juu ya ubao, mbali na ukuta, kwa sababu muchwa wa hapa wanakula hata Agano la Kale. Tangu mulinipa mwaka jana, wakati Lubumbashi nzima ilikuwa inangojea askari na watu wanafukia masahani nyuma ya nyumba, hakuna mutoto aliyeigusa. Muliniambia nizicheze mara moja kwa mwezi, zisisahau kazi yao. Nafanya hivyo. Naunganisha mashini na batri ya motokari, tunakaa kwenye baraza, na ile saksofoni ya diski ya tatu inatoka inaenda mupaka kwenye maji. Ile yenye mutu anakohoa. Munakumbuka tulivyokuwa tunamupa pole kila siku ya Mungu? Bado hajapona.

Watu wa hapa ng'ambo ya ziwa, munajua, wao ni wa kwaya na wa gitaa. Mwanzoni walisema huu ni muziki wa watu waliogombana na vyombo vyao. Sasa wanakuja wenyewe na viti vyao. Jirani yangu Rabson, muuza nyavu, ameanza kuniita Ba Jazi, na soko lote limemufuata. Nimewaambia waache. Si kwa nguvu sana.

Mudogo wenu,
Willy

*

Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa kumi 1998

Mudogo wangu Willy,

Pole kwa musiba wa suruali. Nilikuwa naifahamu, ilikuwa ya watu.

(Tonton, baba mudogo, ni mimi Priscille ninaandika. Papa anasema, mimi ninaandika na kupunguza matusi.)

Sasa sikia. Macho yamekwisha. Sisemi yanapungua, nasema yamekwisha. Munganga ameangalia ndani na taa yake, halafu akaniuliza kama nina watoto wa kunisaidia. Ndivyo wanavyosema siku hizi. Ni ile sukari. Naona mwanga wa dirisha, basi, na mutu akipita mbele yake, najua mutu amepita.

Usilie, nakujua. Mimi nimezoea kiti changu. Lakini picha ya Jeanine iko ukutani, na kwangu mimi ukuta na picha vimekuwa kitu kimoja. Tangu tumuzike ni mwaka wa ine huu, na sauti yake hatukuishika popote, hata kwenye kaseti. Nani alijua? Mutu anaita mukewe kila siku, anaitikiwa, hafikiri kushika.

Kuna kitu kimoja tu. Diski ya saba, upande wa pili. Wewe unajua.

Priscille atavuka ziwa mwezi ujao kutafuta samaki. Umupe kofre. Akishindwa kubeba yote, umupe ya saba peke yake, ndani ya nguo. Mashini nimepata, ya jirani.

Nakushukuru kwa kunitunzia. Ningempa mutu mwingine, leo ningekuwa nasikia diski zangu zinauzwa njiani.

Yaya wako,
Roger

*

Nchelenge, tarehe 29 mwezi wa kumi na moja 1998

Yaya Roger,

Barua hii Priscille anaileta pamoja na samaki wa makobo waliokaushwa na Febby kwa mikono yake. Kuleni, musimungoje mugeni.

Priscille atawaambia mwenyewe: kofre haikuwa nyumbani. Munisamehe. Mashini yangu ilianza kukwaruza, nikaituma Chienge kwa fundi mumoja anayejua kazi ya sindano. Fundi akasema hawezi kupima sindano bila diski, na mimi, na ujinga wangu wa siku zote, nikamupelekea kofre nzima badala ya moja. Munajua vile nilivyo. Mukinituma chumvi naleta duka.

Basi, ikirudi, naileta mwenyewe mupaka Kilwa, kule upande wenu wa ziwa, na pale nitatafuta lori la mutu ninayemujua. Musiwe na wasiwasi.

Febby anasema amefurahi sana kumuona Priscille. Watoto wanauliza atarudi lini. Mimi ni muzima, ila silali vizuri tangu juzi.

Mudogo wenu,
Willy

*

Lubumbashi, tarehe 10 mwezi wa kwanza 1999

Mudogo wangu,

Heri ya mwaka mupya. Priscille alifika na samaki na bila kofre, nikamufungia uso siku mbili, halafu nikala samaki. Sasa nimenyamaza.

Sikukasirikii. Fundi ni fundi, hata hapa wanakula mwezi mzima kwa kazi ya asubuhi moja. Lakini umuambie asiguse diski na vidole vya mafuta. Umuambie azishike kwa ukingo, kama mutu anabeba sahani ya supu.

Nakaa hapa nafikiri ile siku. Wewe ulikuwepo, ulikuwa kijana mwembamba, ulikuwa na nywele. Muzungu wa mine, wa kule machimboni, alikuwa anarudi kwao, akaniachia kofre kwa sababu haikuingia kwenye mizigo yake. Tulikuwa hatujui Kiingereza hata cha kuomba maji, tukazipa diski majina yetu: Mwenye Kikohozi, Mvua ya Mabati, Ba-Pompi. Tulifika kwenye ya saba. Jeanine alikuwa nje anatwanga. Na ndani ya diski, kule Amerika, katika ile baa yao, mwanamuke akacheka. Jeanine akaacha kutwanga. Akasimama mulangoni na muchi mukononi, akasema: «Nani ananiiga humu ndani?»

Tulirudisha sindano mara ngapi? Kila mara yule mwanamuke akicheka, na huyu wa mulangoni anacheka, hatujui tena ni nani alianza.

Sasa nikuombe. Wakati tunangojea fundi, uniandikie ile diski. Wewe una masikio mazuri kuliko yangu, nimesema hivyo hata ukiwa haupo. Uiandike yote, mupaka mwisho, Priscille atanisomea.

Roger

(Tonton Willy, hii sehemu ni yangu, Papa amelala. Barua yako ya mwezi wa kumi na moja amenisomesha mara tatu, kuona kama niliruka tarehe ya kurudi kwa kofre. Hakuna tarehe. Anasafisha ile mashini ya jirani kila asubuhi kwa kitambaa, na haoni kama ni safi ao ni chafu. Utuambie siku. Priscille.)

*

Nchelenge, tarehe 7 mwezi wa pili 1999

Yaya Roger,

Mumeniomba diski, haya, kaeni vizuri. Priscille, usisome mbio.

Inaanza na watu. Glasi, viti vinavutwa, mutu anasema kitu na mwingine anamujibu kwa ubishi. Halafu ile gitaa kubwa ya kusimama inaanza kutembea, dum, dum, dum, kama muzee anarudi nyumbani na hana haraka juu anajua chakula kiko. Mupiga ngoma hapigi, anafagia. Muliniambia zamani ni fagio ndogo za waya, mimi nilikuwa nafikiri kuna mama anasafisha baa.

Trompeta inaingia imefungwa kinywa. Inasema polepole, ile sauti ya mutu anayekuambia siri na hataki mukewe asikie jikoni. Inasema mara mbili. Mara ya pili inabadilisha mwisho kidogo, kama mutu ameamua kutosema yote.

Halafu piano. Hapa ndipo. Anapanda, anapanda, na kidole kinaanguka mahali pabaya. Kila mutu anasikia. Mwingine angekimbia. Yeye anarudi, anakipiga tena kile kibaya, kwa makusudi sasa. Anakipiga mara ya tatu. Gitaa kubwa inamungojea. Na mara ya ine, sijui amefanya nini na mukono wa kushoto, kile kibaya kinakuwa ndicho kilichokuwa kinatafutwa tangu mwanzo. Ni pale mwanamuke anacheka. Si ya kuchekelea mutu. Inaanza chini, inakatika, inapanda juu yote mara moja, kama mutu ameshika mudomo na mukono umeshindwa.

Nimeisikia jana, Yaya. Fundi amerudisha mashini na kofre, zote nzima. Niliketi peke yangu, ikafika pale, nikasema kwa sauti: Mama Jeanine, hamujambo.

Lakini kuvuka ndiyo shida. Wanasema vita inashuka kwa upande wa Pweto, na askari wanasimamisha mitumbwi na kuchukua kila kitu chenye waya. Singependa kofre ianguke mikononi mwa mutu anayetafuta sabuni. Tungoje kidogo itulie.

Mudogo wenu,
Willy

*

Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa tatu 1999

Willy,

Priscille amesoma diski yako mara nyingi mupaka majirani wanaijua. Pale kwenye kidole kibaya nililia, sina haya, mutu kipofu anaruhusiwa. Hakuna mutu mwingine duniani angeniandikia vile. «Kama mukono umeshindwa.» Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nimekata shauri na usinibishie. Kama kofre haiwezi kuvuka, mimi nitavuka. Askari hatachukua muzee asiyeona, hata sabuni sina. Priscille amekubali, yaani amepiga kelele, halafu amekubali. Kabla ya Pasaka tutapanda lori mupaka Kilwa, na pale tutachukua mutumbwi wa mashini. Sitakaa siku nyingi. Utaniwekea kiti karibu, utashusha sindano wewe mwenyewe, na nitasikia mara moja, ao mara mbili kama batri inaruhusu. Halafu nitarudi kungojea siku zangu bila kumusumbua mutu.

Mwambie Febby nisipikiwe vitu vingi.

Roger

(Tonton, munganga amekataza lori. Barabara ni mbaya na miguu yake ina vidonda. Nimemuambia mara mia. Anasema: Willy ameisikia juzi, na mimi nife bila kuisikia? Utuwekee mutu wa kutungojea pale ufukweni. P.)

*

Nchelenge, tarehe 14 mwezi wa tatu 1999

Yaya Roger,

Musipande lori. Ninawaomba, kama mumeanza kufunga mizigo, muifungue. Barua hii nimempa mutu anayevuka leo, na nimemuahidi samaki akiifikisha mukononi.

Priscille, mutoto wangu, ni wewe utaisoma. Soma yote. Utafika mahali wewe mwenyewe unatajwa, na utataka kunyamaza. Usinyamaze.

Hakuna diski, Yaya. Ya saba haichezi tena, wala zile zingine. Hakukuwa na fundi Chienge. Diski niliyowaandikia ilitoka kichwani mwangu, na siku ile niliyosema nimeisikia jana, nilikuwa nimeketi mezani na kalamu na taa ya bati la maziwa, basi.

Mutafikiri ni mvua, ao ni muchwa, ao mutoto. Mwezi wa pili nilianza kuwaandikia kwamba ni Febby. Niliandika ukurasa muzima, mutamu sana, jinsi muke wa Kibemba asiyejua muziki alivyochoma kofre kwa bahati mbaya. Nilipousoma uliweza kuaminika. Febby alikuwa anapita na maji, akaniuliza kama naandikia watu wa Lubumbashi, akasema niwasalimu. Nikachana ule ukurasa, na badala ya kusema kweli nikawaandikia uongo mwingine, ule wa askari. Sasa uongo ule ndio unawatoa ninyi nyumbani na vidonda mupaka ziwani.

Ilikuwa hivi.

Nilipowaambia wananiita Ba Jazi, sikuwaambia kwa nini. Mutu wa kwanza aliyeniuliza diski ni za nani alikuwa Rabson. Nilifungua kinywa kusema ni za Yaya wangu, nikasikia kinasema ni zangu. Kilikuwa kitu kidogo. Lakini watu waliketi, wakauliza, na mimi nikaendelea: jinsi nilivyopewa na muzungu wa mine, jinsi nilivyozipa majina. Yaya, hata Jeanine nilimufanya kuwa shangazi yangu. Hapa mimi ni Mukongomani anayeuza mafuta na chumvi, Kibemba changu kinachekesha watoto, na kwa mara ya kwanza tangu nivuke watu walikuwa wananyamaza ninaposema. Hata mukubwa wa kanisa alileta kiti chake. Nilionjeshwa hiyo, ikaniharibu.

Siku Priscille alipofika, baraza ilikuwa imejaa. Nilimuona anapanda kutoka ufukweni na mufuko wake, na nilijua atakachosema akifika, kwa sauti ile yake isiyojua kunong'ona: «Tonton, nimekuja kuchukua diski za Papa.» Mbele ya Rabson. Mbele ya wote. Niliingia chumbani kana kwamba naenda kuvaa shati. Nikachukua kofre, nikatoka kwa nyuma. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na mugeni mwanamuke anaingia kila mahali na mwenyeji wake, hakuna pa kuficha kitu. Tanuru ya kukaushia samaki ilikuwa baridi. Wavuvi walikuwa hawajaleta kitu tangu juzi. Niliisukuma kofre ndani kabisa, nyuma ya shimo la moto, nikaifunika magunia. Nikasema moyoni, ni mupaka wageni waondoke. Nikarudi mbele nikiwa nimevaa shati.

Priscille alikwisha kusema alichokuja nacho, lakini kwa Kiswahili cha mbio, na kwa bahati yangu Rabson Kiswahili chake ni cha bei ya nyavu tu. Nikamuambia habari ya Chienge, yote, pale pale, bila kupumua. Rabson akacheka, akaniuliza kwa Kibemba: «Ba Jazi, mukwai, tafadhali, hamumupigii mugeni muziki? Jana tulisikia mupaka batri ikachoka.» Priscille akauliza, «Anasema nini?» Nikamujibu: anasema unafanana na mama yako.

Priscille, uliinamisha macho ukafurahi. Mimi niliona.

Ndipo Febby alipotoka sokoni na makobo wabichi, mitumbwi ilikuwa imeingia saa ile ile. Alikuwa amewanunua kwa ajili yenu, Yaya. Alisema mutoto hawezi kurudi mikono mitupu, lakini mubichi hatafika Lubumbashi, awapitishe kwenye moshi. Alikwenda nyuma. Nilisikia anavunja kuni. Hakujua lolote, sikuwa nimemuambia lolote, na mutu haangalii nyuma ya magunia yake mwenyewe.

Sasa hii ndiyo nilikuwa nashindwa kuandika, na hata leo nimeenda kuosha uso mara mbili kabla ya kuifikia.

Nilisikia kuni zinashika. Halafu nikasikia harufu. Kwanza karatasi ngumu, halafu ile nyingine, tamu tamu, inayokaa kooni. Ilikuwa ndogo bado. Diski hazikuungua, nilizikuta jioni zimelegea na kukunjamana kama majani ya kabichi. Kumaanisha kwamba ile dakika ya harufu zilikuwa nzima, ao nyingi zilikuwa nzima. Tanuru iko nyuma tu ya ukuta wa jikoni. Ningesimama, ningekimbia, ningevuta magunia kwa mikono yangu. Ningeungua kidogo. Halafu ningetokea pale barazani mbele ya watu wote, nimekumbatia kofre iliyokuwa Chienge.

Febby akaita kutoka nyuma, kwa jina langu la baba wa mutoto: «Bashi Chanda, kuna kitu kinanuka humu, ni magunia?»

Nilijua. Musimuache mutu yeyote awaambie kwamba sikujua. Nikamujibu: ndiyo, ni magunia. Halafu nikamugeukia Priscille, nikachukua kijiko, nikamuuliza kama anataka sukari ingine kwenye chai.

Willy